Tibu na Wino Mwekundu: Historia Fupi ya Kupima Manukato ya Maua ya Mchungwa

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, na mifano yangu ilikuwa ile ile kila mwaka: embe sokoni, kitambaa dukani, mchumba kijijini. Sikuwahi kutoa mfano wa manukato. Mfano huo nilikuja kupewa na mwanafunzi wangu wa zamani, uzeeni, nikiwa nimekwishastaafu na kurudi kuishi Nachingwea.

Nilikuwa nimekwenda Ruangwa kwa shughuli za kifamilia. Nilipopita sokoni nikasikia sauti kutoka kwenye kibanda cha vitenge: "Mwalimu, shikamoo!" Nikaitika marahaba, na nilipomtazama nikamkumbuka. Nilimfundisha Kiswahili katika miaka ya tisini. Sasa ni mama wa watoto wanne, anauza vitenge, kanga na manukato. Baada ya kuulizana habari za siku nyingi, alinipa kigoda, akatoa chupa moja kutoka kabatini na kuiweka mbele yangu. Ilikuwa na picha ya ua jeupe na nusu ya chungwa, na maandishi ya kigeni ya rangi ya dhahabu.

Akanieleza shida yake. Muuzaji wa jumla alikuwa amempa chupa hiyo aijaribu. Katoni ina chupa 24, kila moja shilingi 35,000, yaani jumla ya shilingi 840,000. Fedha hizo angezikopa kwenye kikoba chao cha akina mama, na kikoba hakina subira. "Harufu imenivutia, Mwalimu, lakini bei imeniogopesha. Nipimie wewe unayejua maneno."

Nikamjibu kwamba nayajua maneno, siyajui manukato. Akacheka, kisha akasema kwa adabu neno lililonichoma: "Mwalimu, hivyo vyote viwili nilivipata kwa bibi yangu. Wewe ulinikata alama mbili."

Makala haya nimeyaandika kulipa alama hizo mbili.

Alama mbili

Tukio lenyewe nililikumbuka aliponisimulia. Katika insha aliyoandika kuhusu siku ya harusi kwao, kulikuwa na sentensi kama hii: "Bibi alinipaka tibu shingoni, nikanukia mpaka jioni." Mimi nikachukua kalamu ya wino mwekundu, nikapiga mstari chini ya neno "tibu", nikaandika pembeni "tiba?", nikapunguza alama mbili. Nilidhani mtoto amekosea tahajia. Nilidhani pia kwamba dawa haipakwi ili mtu anukie, kwa hiyo maana nayo imekosewa.

Laiti ningefungua kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, ilikuwa kwenye kabati la ofisi ya walimu. Tibu ni manukato ya unga, neno lililotoka katika Kiarabu, na wanawake wa pwani wamelitumia kwa vizazi vingi. Bibi yake alikuwa mtu wa Kilwa aliyeolewa bara, na alikuja na msamiati wake kama alivyokuja na kasha lake. Ndani ya kasha hilo, naamini, mlikuwa pia na dalia, unga wa manjano wenye harufu nzuri; liwa ya kusuguliwa juu ya jiwe; kikuba cha majani na maua ya kuvaa kifuani; chetezo cha kufukizia ubani na udi; na mrashi, ile chupa ya shingo ndefu inayonyunyizia wageni marashi. Neno marashi lenyewe linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunyunyiza. Uturi nao ni wa huko huko, na mawardi ni maji ya waridi.

Lakini ukiacha maneno ya mkopo, mizani ya kwanza ya harufu imo katika kitenzi chetu cha Kibantu. Kunuka ni kutoa harufu mbaya. Ukiongeza kiambishi cha kutendea unapata kunukia, na hapo harufu inakuwa nzuri. Kunusa ni kuitafuta harufu kwa pua. Manukato yamezaliwa humo humo. Tazama, wapenzi wa lugha, jinsi herufi moja inavyobeba hukumu nzima: "ananuka" ni tusi, "ananukia" ni sifa. Lugha nyingi huhitaji kivumishi ili kusema harufu ni nzuri au mbaya. Sisi tunamaliza kazi kwa kiambishi kilekile tunachokitumia katika kupikia na kuandikia. Nami nikikitafakari kiambishi hicho naona fundisho: harufu nzuri ni ile inayomfikia mwingine. Kwa upande wa harufu mbaya hatukosi maneno pia: shombo na vumba la samaki, uvundo, kikwapa. Watu wenye msamiati wa namna hii hawawezi kuambiwa kwamba lugha yao haiwezi kupima manukato. Na mimi, Mwalimu wa Kiswahili, niliwahi kuwaambia wanafunzi wangu jambo hilo hilo.

Basi siku ile sokoni tulifanya jaribio. Saa nne asubuhi tulikata kipande cha kitambaa cheupe cha pamba. Kwenye pembe moja tukapuliza yale manukato ya chupa. Kwenye pembe ya pili tukapaka tone la mafuta mazuri aliyoletewa na shangazi yake kutoka Kilwa, yenye asumini juu ya udi. Tukakiweka kitambaa kivulini. Wakati tukisubiri, nilimsimulia yafuatayo, mengine niliyoyajua zamani na mengine niliyoyaongeza baadaye nilipokaa kuandika.

Ndimu na maji ya waridi

Jamii ya machungwa si ya asili ya Afrika. Asili yake ni Asia, na ilitufikia kwa njia ya bahari. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alishuka Mogadishu, akapelekwa kwenye baraza la mtawala. Huko, anaandika, aliletewa tambuu na popoo, kisha yeye na kadhi wakamiminiwa maji ya waridi ya Dameski. Katika kueleza chakula cha watu wa mji ule anataja achari ya ndimu au limau, iliyoliwa pamoja na wali. Akasonga hadi Mombasa, na miti aliyoiona huko anaitaja: migomba, milimau, na utruji, tunda kubwa la jamii hiyo hiyo lenye ganda nene. Kutoka hapo akaelekea Kilwa, mji ambao leo umo katika mkoa wetu wa Lindi, akaukuta katika fahari yake chini ya Sultani Hasan bin Suleiman.

Naomba tusimame hapo kidogo. Katika safari hiyo moja, karibu miaka 700 iliyopita, vitu viwili vinavyofanya chupa ya leo viko tayari kwenye pwani yetu: tunda la jamii ya chungwa, na maji ya maua yanayomiminwa kwa heshima. Viko katika vyumba tofauti. Limau limo jikoni, ua limo barazani. Tena ua ni la mbali, la Dameski, na hilo ndilo lililolipa hadhi. Thamani ya manukato tangu hapo ilipimwa kwa pua na kwa masafa.

Miaka 167 baadaye, mwezi Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Mombasa. Miongoni mwa zawadi zilizotumwa kwake kulikuwa na kondoo, miwa, malimau na machungwa. Wareno hawakuyashangaa matunda hayo, maana kwao yalikuwapo, na wataalamu wa maneno ya mkopo hulihesabu neno letu "limau" miongoni mwa maneno tuliyoyapata kwao. Lakini mti ulikuwa umekwishatangulia neno.

Na kile kilichokosekana katika chupa ya kisasa ya bei rahisi, yaani msingi, kilikuwa kinatoka kwetu. Mwandishi Al-Masudi wa karne ya 10 aliisifu ambari ya pwani ya Zanji kuwa ni miongoni mwa zilizo bora kabisa. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi na kutupwa ufukweni na mawimbi. Zabadi hutolewa kwa fungo. Vitu hivi viwili, ukivinusa peke yake, vinakaribia kunuka. Ukivitia kidogo chini ya maua, vinayashika maua yasiruke, na yote pamoja yananukia. Pwani yetu iliuza duniani ile sehemu ya manukato isiyopendeza kwa mara ya kwanza, ambayo ndiyo inayodumu.

Nguo za Mtoni

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa mwanamke. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Mwaka 1866 aliondoka, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akaitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake. Katika kueleza siku ya kawaida ya wanawake wa jumba lile, anasema nguo za kesho zililazwa usiku zikiwa zimetawanyiwa asumini na maua ya michungwa, yanapokuwa katika msimu wake, na kabla ya kuvaliwa zikatiwa harufu ya ambari na miski.

Msomaji atazame mpangilio. Maua mepesi yapo, ya mchungwa na ya asumini. Lakini hayakuachwa peke yake. Yaliwekewa ambari na miski. Ni tabaka juu ya tabaka. Ndivyo alivyofanya bibi wa mwanafunzi wangu katika kiwango cha mtu wa kawaida: alifukiza nguo kwa udi, akapaka liwa, akatia tibu shingoni, na kikuba kifuani. Wataalamu wa leo hutuambia kwamba manukato yana ngazi tatu: harufu ya kwanza, harufu ya moyo na harufu ya msingi. Wanawake wetu walizijenga ngazi hizo mwilini, moja baada ya nyingine, bila chupa kuwaeleza.

Washairi mtanielewa haraka. Ukwapi huvutia sikio, utao huendeleza, lakini shairi hupimwa kwenye kituo. Shairi lenye ufunguzi mtamu na kituo kilegevu hulisahau kabla hujafika nyumbani.

Mti mmoja, bei tatu

Sasa tuufuate mti wenyewe. Katika jamii ya michungwa, ule unaothaminiwa na watengeneza manukato ni mdanzi, ambao tunda lake ni chachu na chungu na watoto hulitema. Mti huo mmoja hutoa mafuta ya aina tatu. Ganda la danzi likikamuliwa hutoa mafuta makali ya harufu ya machungwa. Majani na vijiti vichanga vikikenekwa, yaani vikichemshwa na mvuke wake kugeuzwa tena kuwa maji, hutoa mafuta ya harufu ya ukijani na uchungu. Maua yakikenekwa hutoa mafuta ambayo Wazungu huyaita neroli, kwa jina la Nerola, mji mdogo wa Italia, kwa sababu katika karne ya 17 mke wa mtawala wa mji huo aliyatumia kutia harufu kwenye glavu zake.

Bei za mafuta hayo matatu zinapishana sana, na sababu yake ni hesabu tu. Ganda lina mafuta mengi, na viwanda vya maji ya matunda vinayapata kwa wingi. Lakini kupata kilo moja ya mafuta ya maua kunahitaji takriban tani moja ya maua, yaliyochumwa kwa mkono na kukenekwa yangali mabichi. Kwa hiyo mtu akikuuzia chupa yenye picha ya ua la mchungwa, swali la kwanza ni hili: ndani yake mna ua, mna ganda, au mna kazi ya maabara? Maana tangu mwishoni mwa karne ya 19 wanakemia wameweza kutengeneza vitu vyenye harufu iliyo karibu sana na ya ua hilo, kwa gharama ndogo.

Hata hivyo tusidhani kwamba uigaji umezaliwa jana. Al-Kindi, mwanachuoni wa karne ya 9 aliyeishi Iraki, aliandika kitabu cha kemia ya manukato na ukenekaji chenye maelekezo zaidi ya mia moja, na baadhi ya maelekezo hayo yanafundisha jinsi ya kutengeneza kitu mfano wa miski au kafuri. Tangu kale, palipokuwa na kitu cha thamani palikuwa na mfano wake. Kutumia mfano si dhambi. Dhambi ni kuuza mfano kwa bei ya asili.

Na kuna jambo la haki kwa upande wa pili. Mwaka 1709 biashara ya Johann Maria Farina, Mtaliano aliyehamia mji wa Köln, Ujerumani, ilianzishwa, na maji yake ya manukato yakachukua jina la mji huo. Yalikuwa mepesi, yenye ndimu, machungwa na maua ya mchungwa, na yalikusudiwa yawe hivyo. Yeye mwenyewe aliyafananisha na asubuhi ya kwao Italia baada ya mvua. Asubuhi haidumu mpaka jioni, na hakuna anayeilaumu. Mafuta ya maganda ya jamii hii huruka upesi kwa maumbile yake. Hewa, joto na mwanga huyaharibu hata yakiwa ndani ya chupa. Kwa hiyo manukato mepesi ya machungwa yapimwe kama asubuhi, na yalipiwe bei ya asubuhi.

Harufu ya kwanza ya Nachingwea

Sisi wa Nachingwea tunapaswa kuwa wa mwisho duniani kudanganywa na harufu ya kwanza. Mji wetu ulikua kwa kosa hilo. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza ulizunguka Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa ukitazama ardhi kutoka angani, ukaandika ripoti yenye matumaini makubwa ya karanga. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, kisha Urambo na huku kwetu Kusini. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikaletwa hadi Nachingwea. Mapema mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu vya hesabu. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watu wenye elimu na fedha walinusa ardhi mara moja, wakalipa, na hawakusubiri jioni.

Karanga zilipoondoka, ardhi ileile ilikubali mazao mengine, yakiwamo korosho na ufuta. Leo wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuza ufuta wao kwa mnada kupitia chama kikuu chao cha ushirika, RUNALI, ambacho jina lake limeungwa kwa herufi za mwanzo za wilaya hizo tatu. Ufuta huondoka katika magunia, ukiwa mbegu.

Nilipofika hapa katika simulizi, mwanafunzi wangu aliinua uso. Nikamweleza kwamba huko India, tangu zamani, watengeneza manukato hutandaza maua ya asumini na ufuta, tabaka kwa tabaka. Mbegu za ufuta hunywa harufu ya maua, maua yaliyochoka huondolewa na mapya kuwekwa, kisha mbegu hukamuliwa na mafuta yake hutoka yakinukia. Haikuhitaji mtambo mkubwa. Ilihitaji ufuta, maua, na mtu mwenye subira. Akatazama magunia ya jirani yake, akatazama chupa ya dhahabu, akasema: "Penye miti hapana wajenzi." Sikumwongezea neno.

Mpaka jioni

Turudi kwenye kitambaa. Saa nne, pembe ya chupa ilikuwa imeshinda kabisa: chungwa lililomenywa sasa hivi, kali, la kufurahisha, na nyuma yake ua. Pembe ya Kilwa ilikuwa kimya, na ukiikaribia ilikuwa nzito kidogo, yenye moshi. Saa tano chungwa lilikuwa limeondoka, na ua lililobaki lilifanana na sabuni nzuri. Saa saba pembe ile ilikuwa na utamu wa sukari, mwembamba, usio na jina. Alasiri kitambaa kilikuwa kitambaa. Pembe ya Kilwa, kwa upande wake, ilifunguka taratibu. Saa saba asumini ilikuwa wazi, na jioni nilipoaga udi ulikuwa bado umo.

Akaniuliza hukumu. Nikamwambia hivi. Chupa hii si ya uongo. Haina ubaya wowote ambao pua yangu imeuona, na harufu yake ya kwanza ni nzuri kwelikweli. Lakini ni manukato ya asubuhi yanayouzwa kwa bei ya siku nzima. Kama muuzaji atakubali kukupa chupa chache kwa bei iliyoshuka, chukua chache, na wateja wako uwaambie ukweli: hii ni ya kuamkia. Zitunze kivulini, maana jua la Ruangwa halina huruma na machungwa. Katoni nzima kwa fedha ya kikoba, hapana. Na mteja anayetaka harufu ya harusi, mwonyeshe pembe ya pili ya kitambaa.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, hayo si ndiyo niliyoandika?"

Nilinyamaza, kwa kuwa ndiyo aliyoandika. "Bibi alinipaka tibu shingoni, nikanukia mpaka jioni." Katika sentensi moja mtoto wa kidato cha pili alikuwa amelitaja nukato kwa jina lake, ametaja mahali linapopakwa, ametumia kitenzi kinachobeba hukumu, na ametoa kipimo cha thamani: mpaka jioni. Mimi niliyekuwa na cheti cha ualimu na kamusi kabatini niliona kosa la tahajia. Baada ya hapo, aliniambia, hakuandika tena maneno ya bibi yake katika daftari la shule. Aliyaweka nyumbani, kama vile hayakuwa Kiswahili. Bibi alifariki, na baadhi ya maneno hayo hayakumbuki tena.

Hasara hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Chupa mbaya ikinunuliwa, kikoba kitalipwa kwa taabu lakini kitalipwa. Neno likifutwa katika daftari la mtoto halina mnada wa kulirudisha. Na lugha isiyo na maneno ya kupimia kitu huwaacha wasemaji wake wakipima kwa maandishi ya dhahabu yaliyo kwenye chupa. Uzuri wa mkakasi, walisema wahenga, ndani kipande cha mti.

Basi ndugu zangu washairi na wapenzi wa lugha, nina ombi. Yupo mama au bibi nyumbani kwenu anayejua tofauti ya tibu na dalia, anayejua kikuba kilifungwaje na singo ya bibi harusi ilichanganywaje. Muulizeni, andikeni kama alivyotamka, na msimsahihishe. Mkiona neno msilolijua, fungueni kwanza kamusi, na kama kamusi nayo hailijui, basi shukuruni kwamba mmelipata.

Nami kabla ya kuondoka Ruangwa niliomba karatasi na kalamu. Niliiandika sentensi yake upya, kwa wino wa buluu, bila mstari chini ya neno lolote, nikaweka pembeni alama mbili, nikatia sahihi. Ameibandika kibandani, juu ya rafu ya manukato, pale ambapo wauzaji wengine hubandika bei.